Darasa letu la katekesi Pemba lilipojaa watoto ghafla

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Bara na wa Visiwani.

Hii ninayoileta sikusimuliwa. Nilikuwepo, na wahusika bado tunaonana kila wiki. Majina nimebadilisha na mtaa sitautaja, kwa hiyo wale wapelelezi wa jukwaani msinifuate PM kuuliza ni nyumba ipi. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni fundi wa majokofu. Kwetu Sumbawanga, ila riziki yangu iko Pemba, upande wa kaskazini, miaka kadhaa sasa. Friza za wauza samaki, friji za maduka na za majumbani, nazunguka nazo mpaka Wingwi na Kiuyu kwa pikipiki, kisanduku cha vifaa kimefungwa nyuma. Mliofika huko barabara zake mnazijua.

Pia ni Mkatoliki. Kwa Pemba hiyo ina maana uko kwenye kundi dogo mno. Kwenye kigango chetu, kanisa dogo tu, mtu akipiga chafya ibadani, huna haja ya kugeuka, unajua ni nani. Wengi wetu ni watu wa kuja: askari, walimu, mafundi, na familia zao. Padre tunagawana na wenzetu wengine, kwa hiyo anafika kwa zamu.

Sasa padre akiwa wa zamu, mafundisho yanabaki mikononi mwa walei, yaani waumini wa kawaida. Tuna chama chetu kidogo na kazi yake ni moja, kufundisha katekesi. Watoto wa komunyo ya kwanza, na watu wazima wanaotaka kubatizwa. Hakuna posho, kabla hamjauliza.

Mwenyekiti wetu ni Mama Neema, mke wa askari, yeye mwenyewe fundi cherehani. Darasa liko nyumbani kwake. Watu wazima sebuleni, watoto baraza ya nyuma.

Nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba ni Bi Time, mama mtu mzima, anaishi jirani kabisa, ua wa makuti tu ndio unaowatenga.

Huyu Bi Time mshikeni vizuri, maana stori yote inamzunguka yeye.

Mama Neema alipomwomba ruhusa ya kufundishia pale, angeweza kukataa na asingelaumiwa na mtu. Mtaa mzima ni Waislamu. Alifikiri, akarudi na jibu: "Someshaneni. Lakini wenu kwa wenu."

Na watu walipoanza kumuuliza dukani na kwenye shughuli, aliwajibu mwenyewe: "Wale wana dini yao, na wenetu hawawagusi. Mie nasimama dhamana."

Wakuu, hicho ndicho kibali tulichokuwa nacho. Neno la bibi mmoja. Na kwa mtaa ule lilitosha, tukafundisha kwa amani bila mtu kutuangalia vibaya.

Tuje kwa wanafunzi.

Sebuleni tulikuwa tunafundisha mimi na Mama Neema. Mwanafunzi wetu maarufu ni Masanja, Msukuma, pande la mtu, kibarua wa ujenzi. Anataka abatizwe na ndoa yake ibarikiwe. Moyo anao, tatizo lake ni kukariri. Kila tukitangaza kwamba wiki ijayo tutasikilizana Nasadiki, ile sala ndefu ya imani, wiki ijayo Masanja anaumwa mgongo.

Tumemwambia huo mgongo nao unahitaji kubatizwa.

Barazani watoto walikuwa wa Deo. Kijana wa Bukoba, amekuja kufanya kazi duka la vifaa vya ujenzi, kwao alikuwa anafundisha watoto parokiani. Mchangamfu, anaimba, anapiga makofi, mfukoni ana pipi. Mtoto akijibu swali, pipi. Akijibu vibaya, pipi pia, eti asikate tamaa.

Zamani darasa lilikuwa Jumamosi alasiri. Deo alipojiunga, bosi wake hakuwa anamwachia Jumamosi, akawa anamwachia Alhamisi mchana. Tukahamisha darasa kwenda Alhamisi. Hakuna aliyeona shida, siku ni siku.

Hapa nawaomba wasomaji wa Visiwani mtulie. Najua mmeshajua.

Kwa wa Bara: huku mtoto akitoka skuli anakula, anavaa, anakwenda chuoni. Chuo huku si cha kutafutia digrii, ni cha kusoma Qurani. Mapumziko ya chuo ni Alhamisi na Ijumaa. Maana yake Alhamisi alasiri watoto wa mtaa mzima wako huru, hawana pa kwenda, na nyuma ya ua kuna mtu anaimba, anapiga makofi na kugawa pipi.

Ilikuwa msimu wa karafuu, nakumbuka mikeka ilikuwa imeanikwa kila penye nafasi, mpaka kuingia kwa Mama Neema unapita kwa kunyata pembeni.

Darasa la Deo likaanza kukua. Wiki ya kwanza wameongezeka wawili watatu. Wiki iliyofuata baraza imejaa. Sebuleni tulikuwa tunasikia tu "Salamu Maria" inavuma huko nyuma kama mkutano wa hadhara. Mama Neema akasema, "Huyu kijana ana karama." Nikakubali.

Ukiniuliza kwa nini hatukutoka kwenda kuangalia, jibu ni hili. Masanja alikuwa mbele yetu amekwama pale pale anapokwama kila siku, na sisi tunamsukuma.

Alhamisi moja Deo akapiga picha. Baraza imefurika, watoto wameinua mikono. Akaitupia kwenye group letu la WhatsApp na maneno haya: "Bwana atukuzwe, shamba linastawi Pemba."

Amina zikaanza kumiminika. Mimi nikaweka mikono ya kusali. Kiongozi mmoja wa walei aliyeko Unguja, yumo kwenye group, akaandika pongezi ndefu, akasema ataiweka kwenye ukurasa wao ili wenzetu wa Bara waone na kutiwa moyo.

Hakuna hata mmoja aliyezitazama sura.

Jamani, sisi wenyewe ndio tunaojua watoto wetu ni wangapi. Wanaenea kwenye benchi mbili na nafasi inabaki. Picha inaonyesha baraza nzima, na watu wazima na akili zao wanaandika Amina.

Kesho yake asubuhi nilikuwa natengeneza friji Konde, simu ikaita. Mama Neema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Fundi, njoo. Bi Time katoka hapa sasa hivi."

Nilifika nikamkuta amekaa kwenye kiti cha cherehani, kitambaa kiko chini ya sindano na hashoni. Akanieleza.

Bi Time ana mjukuu anaitwa Mariamu, yuko umri mmoja na Neema, wanacheza pamoja tangu wanatambaa. Jioni ile ile ya Alhamisi familia yao imekaa mkekani, chakula kimewekwa. Mariamu kabla ya kunyoosha mkono akafanya ishara ya msalaba. Taratibu, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Halafu akaanza kula.

Baba yake, Hamadi, mtoto wa Bi Time, alikuwepo. Na wageni walikuwepo, wachumaji karafuu.

Bi Time hakuja kugomba. Alipiga hodi, akasalimia, akauliza hali ya bwana, hali ya mtoto, kisha akasema: "Nakuhitajini nyote mnaosomesha. Kesho jioni, chuo kikitoka, kwangu." Akaondoka. Mama Neema alisema bora angegomba.

Tukaifungua ile picha, tukaikuza. Mama Neema ndiye anayeshona sare za chuo za watoto wa mtaa ule, kwa hiyo alikuwa anawatambua hata kwa migongo. "Huyu wa kwa muuza duka. Huyu na huyu, ndugu, wa nyumba ya kona. Huyu Mariamu." Vidole vyetu vilipofika mwisho wa picha, wetu walikuwa wale wale wa siku zote, wamebanwa pembeni na wageni.

Deo tulimwita. Nikamuuliza, hukuuliza majina? Akasema aliuliza. Mariamu, Yusufu, na mengine kama hayo. "Kaka, yote si yamo kwenye Biblia?"

Nikamuuliza, na mitandio? Akasema kwao kina mama wote wanafunga vichwa kanisani.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Alikuwa anasema kweli. Kwao Bukoba mtoto akija mafundisho bila kuitwa, unamkaribisha, unamwandalia nafasi, unafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba huku ni kinyume. Sisi wenyeji wa ugeni ndio tulipaswa kumwambia, na sisi tulikuwa sebuleni.

Usiku wa kuamkia siku ya wito sikulala vizuri, nakiri. Sikuogopa vurugu, mtaa ule si wa vurugu. Niliogopa kitu kimoja. Bi Time alikuwa ameshasimama mbele ya watu akasema hawa hawawagusi wenetu. Sasa aliyeguswa ni wa ndani kwake. Akitutoa, Mama Neema atatafuta nyumba na cherehani zake, darasa ndiyo limekwisha, maana hakuna mwingine ambaye angetupokea. Na angekuwa na haki kabisa.

Kesho yake jioni tukaenda. Mimi, Mama Neema, Deo.

Ukumbini kwa Bi Time tulikuta mikeka imetandikwa. Yupo yeye, yupo Hamadi, na yupo Maalim, mwalimu wa chuo cha pale mtaani, mzee mpole ambaye huwa namtengenezea jokofu lake. Shikamoo, marahaba, masalkheri, habari za mihangaiko. Kahawa ikaletwa. Sisi wa Bara tungeshaanza kurushiana maneno, wenzetu wakamaliza kwanza salamu zote.

Hamadi ndiye aliyeanza. Alikuwa anaongea chini chini.

"Nataka kujua kitu kimoja. Mwanangu mmemtia maji?"

Nikamwelewa. Alikuwa anauliza kama tumembatiza.

Deo akafungua mdomo. Mama Neema akamshika goti, akajibu yeye: "Hapana, Hamadi. Haiwezekani. Kwetu mtoto habatizwi ila wazazi wake watake, na anabatiza padre, na padre hajafika tangu mwezi uliopita. Mariamu alikaa, akasikia maneno, akapewa pipi. Ndiyo yote."

"Maneno yepi?"

Akamtajia, moja moja, hakuficha. Maalim alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza.

Mariamu akaitwa. Akaja amejikunja nyuma ya bibi yake. Maalim akamuuliza kwa upole, "Wenda kule kufata nini, mwanangu?"

"Alhamisi hakuna chuo," mtoto akasema. "Neema yuko kule. Mie sina wa kucheza naye."

"Na pipi?"

Akatazama chini. "Na pipi."

Maalim akajizuia kucheka, nilimwona. Akasema, "Hawa wangu kutwa wanasinzia. Kwenu kumbe wanajaa."

Hamadi hakucheka. Akasema, "Sawa, mtoto kafata mwenzake. Lakini nyiye watu wazima. Mlimuona. Mie nina hakika gani hamkumtaka?"

Swali zuri.

Hapo Mama Neema akafanya kitu ambacho hatukuwa tumekubaliana. Akatoa simu yake, akaifungua ile picha, akaiweka mkekani mbele ya Hamadi.

"Kuna hii pia," akasema. "Hujaiona na hakuna aliyekwambia. Ilipigwa Alhamisi, ikatumwa kwa watu wetu, na sisi sote tukashangilia. Hata mimi. Hatukutazama sura. Na kuna mtu Unguja anataka kuiweka mtandaoni watu waione."

Deo alifumba macho. Moyoni nikasema, mama, umetumaliza. Walikuwa wanazungumzia ishara moja ya msalaba, sasa umewapa baraza nzima ya watoto wa mtaa, mikono juu.

Hamadi akaichukua simu. Akaitazama muda mrefu, akampa Maalim, Maalim akampa Bi Time. Bi Time akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza tena.

Hamadi akasema, "Mngalinyamaza, nisingalijua."

"Ungejua siku moja," Mama Neema akajibu. "Na Bi Time angejua siku hiyo hiyo kwamba alisimama kwa ajili ya watu waongo. Mimi nimekosa, lakini hilo silitaki."

Akaanza kulia. Si kwa sauti, machozi tu. Na mimi macho yalikuwa yananiwasha, sitaki kuwadanganya.

Bi Time akairudisha simu mkekani. Akakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Kisha akasema na sisi, lakini macho kwa mwanawe.

"Mie nlisimama kwa watu wakweli. Na hawa ndo hao. Kosa wamefanya, wamelileta wenyewe mkekani kwangu. Nyumba yangu sichukui." Akamgeukia Deo. "Weye kijana. Hiyo taswira uifute. Kwako, na kwa wenzio, na huko Unguja. Usilale kabla."

Deo akasema ndiyo bibi.

"Na hii Alhamisi yenu vyereje? Nani kakupeni Alhamisi?"

Tukajieleza, kazi ya Deo, bosi wake, Jumamosi. Maalim akatikisa kichwa kama anayesikiliza watoto wake wa chuo. "Rudisheni siku ya chuo, saa ya chuo," akasema. "Wangu nitakuwa nao mimi, wenu mtakuwa nao nyiye. Hapatakuwa na wa kutangatanga."

Ikawa ndiyo hukumu. Hakuna polisi, hakuna barua, hakuna sheha wala kiongozi mwingine wa mtaa. Hamadi alitupa mkono wakati wa kuondoka. Haukuwa mkono wa furaha, lakini alitupa.

Nje, Deo alisimama pembeni ya mikeka ya karafuu akaanza kupiga simu. Mmoja mmoja, group lote. Yule kiongozi wa Unguja alibisha kidogo, akasema lakini ni picha nzuri na watoto wanapendeza. Nikaomba simu. Sehemu ya nilichomwambia haifai humu, nitafungiwa na mods. Aliifuta, na alikuwa bado hajaiweka kwenye ukurasa.

Usiku huo Deo akaenda kwa Hamadi peke yake kumwonyesha simu. Hakutumwa na mtu. Kutoka siku hiyo nikamheshimu.

Jumapili tulitangaza kigangoni, katekesi ni Jumamosi alasiri, saa ya chuo. Bosi wa Deo akagoma kumwachia, kwa hiyo watoto nikapewa mimi, mtu ambaye hajui kuimba wala kupiga makofi. Pipi nimeziendeleza, lakini kwa majibu sahihi tu.

Basi siku hizi Jumamosi ukipita mtaa ule utawaona wametoka wote pamoja, Mariamu na juzuu yake, Neema na katekisimu yake, wanasukumana na kucheka mpaka njia panda. Pale mmoja anashika kushoto, mwingine anashika kulia. Jioni wanarudi kucheza.

Na Bi Time amejipa kazi. Saa ya darasa ikikaribia anatoa kibao chake, anakaa upande wa njia, anajifanya anachambua karafuu. Mtoto wa mtaa akielekea kwetu anaitwa: "We, chuo chako kule." Hakuna anayempita.

Kuhusu yaliyonifundisha. Kwetu Bara darasa la dini likijaa unamshukuru Mungu kwanza. Kwa mtu uliyepokelewa kwa neno la jirani yako, darasa likijaa unatoka nje kwanza ukatazame ni watoto wa nani. Kushukuru utashukuru baadaye. Na la pili, kama una kosa ambalo mwenzako hajaliona, ukiliweka mwenyewe mkekani linakuwa jepesi kuliko likija kuokotwa. Mimi ningelificha, nasema ukweli. Mama Neema ndiye aliyeokoa kila kitu.

Mnaoishi kama sisi, kundi dogo katikati ya kundi kubwa, iwe Wakristo Visiwani au Waislamu huko kwetu Sumbawanga, leteni ya kwenu. Mnaelewana vipi na majirani kuhusu watoto? Kutukana dini ya mtu kwenye uzi huu sitaki, nitaripoti bila kusita.

Niwaache na hii ya Jumamosi iliyopita.

Tulikuwa tumetangaza kusikilizana Nasadiki. Nimekaa barazani na watoto wangu wale wachache, tunajaza benchi zetu mbili na nafasi inabaki. Ghafla mlango wa mbele hodi. Mama Neema akafungua.

Alikuwa Bi Time, kanga kichwani, amemshika Masanja mkono. Lile pande la mtu limeinamisha kichwa, bibi anamfikia kifuani.

"Huyu si wenu?" akauliza. "Nimemkuta kwa muuza kahawa, kajificha nyuma ya gunia. Kaniambia mgongo unamuuma."

Akamsukuma ndani, akatuangalia mmoja mmoja.

"Msomesheni," akasema, akarudi kukaa kwenye kibao chake.